Mji Mdogo wa Wapolandi Chini ya Mlima Meru: Historia na Tabia ya Makazi ya Tengeru, 1942–1952

Utangulizi

Kwa miaka kumi, kati ya 1942 na 1952, ulikuwapo mji wa Wapolandi katika Tanganyika. Ulikaa kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru, karibu na Ziwa Duluti, kilomita chache mashariki ya Arusha, na wakati wa kilele chake ulikuwa na wakazi wapatao 5,000. Ulikuwa na kanisa, hospitali, shule za msingi na za sekondari, karakana, shamba, kituo cha yatima na makaburi. Haukuwa na meya wala diwani, na hakuna mkazi wake aliyemiliki ardhi aliyoikanyaga. Jina lake lilikuwa Tengeru.

Nyaraka za utawala wa Kiingereza huyaita makazi hayo kambi. Wapolandi wenyewe walipendelea neno osiedle, ambalo katika lugha yao lina maana ya makazi, yaani mahali ambapo watu wanaishi, si mahali walipofungiwa. Tofauti hiyo ya majina isipuuzwe. Watu waliokwisha kuonja kambi za kazi za Siberia walikuwa na kila sababu ya kutotaka neno hilo liwafuate hadi Afrika.

Makala hii inashikilia kwamba Tengeru ulikuwa mji kwa tabia yake yote, lakini mji uliojengwa kwa sharti kwamba siku moja usiwepo. Sifa zake zinazotajwa mara kwa mara, yaani pupa yake ya elimu, nidhamu yake, ucha Mungu wake, na hata upofu wake kuhusu majirani, zinaeleweka vizuri zaidi zikitazamwa kutokea kwenye sharti hilo. Watafiti waliotangulia wamefungua njia. Janusz Wróbel, katika kitabu cha Kipolandi cha mwaka 2003, alifuatilia safari ya wakimbizi waliotoka Umoja wa Kisovieti; Lynne Taylor (2009) aliandika juu ya yatima wa Tengeru; naye Jochen Lingelbach (2020) alionyesha jinsi Wapolandi walivyowekwa kwenye ukingo wa weupe wa kikoloni. Kinachosisitizwa hapa ni mahali penyewe. Historia ya Wapolandi wa Tengeru na historia ya ardhi ya Wameru kwa kawaida hukaa katika rafu mbili tofauti za maktaba, ingawa zilitukia kwenye mlima mmoja na zikagusana kwa miaka.

Njia ya kufika Meru

Mnamo Septemba 1, 1939 Ujerumani iliivamia Polandi kutoka magharibi, na Septemba 17 Umoja wa Kisovieti ukaingia kutoka mashariki. Katika sehemu ya mashariki, yenye miji kama Lwów na Wilno, utawala mpya ulianza kuwahamisha raia kwa nguvu. Wimbi la kwanza kubwa lilikuwa Februari 1940, katikati ya majira ya baridi. Mengine yalifuata Aprili na Juni mwaka huohuo, na jingine Juni 1941. Idadi ya waliohamishwa bado inabishaniwa: makadirio yanaanzia laki tatu na kitu, kwa kufuata hesabu za polisi wa siri wa Kisovieti, hadi zaidi ya milioni moja katika maandishi ya zamani ya Wapolandi wa uhamishoni. Walikuwa walowezi wa vijijini, walinzi wa misitu, watumishi wa serikali, walimu, pamoja na wake na watoto wa maofisa waliokamatwa. Walipelekwa kukata miti kaskazini mwa Urusi na Siberia, au kulima katika mashamba ya pamoja ya Kazakhstan.

Ujerumani ilipoushambulia Umoja wa Kisovieti Juni 1941, maadui wa jana wakawa washirika. Mkataba wa Julai 30, 1941 kati ya serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London na Umoja wa Kisovieti ulitoa kile kilichoitwa msamaha, ingawa ni vigumu kuona kosa ambalo mjane mwenye watoto watatu alikuwa anasamehewa. Jenerali Władysław Anders akaanza kuunda jeshi, na raia waliotawanyika wakamiminika kusini kulifuata, wengi wakifa njiani kwa njaa na homa ya matumbo. Mwezi Machi na Aprili 1942, na tena mwezi Agosti, zaidi ya watu 110,000 walivushwa Bahari ya Kaspi kutoka Krasnovodsk hadi Pahlavi nchini Iran. Kadiri ya theluthi moja walikuwa raia.

Askari walisonga mbele, wengine hadi Monte Cassino nchini Italia mwaka 1944. Raia hawakuwa na pa kwenda. Baadhi walipokelewa India, Meksiko, New Zealand na Mashariki ya Kati. Takribani 18,000 waligawanywa katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki na Kusini, kuanzia Masindi na Koja huko Uganda hadi Rusape katika Rhodesia ya Kusini. Katika Tanganyika yalifunguliwa makazi ya Tengeru, Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro. Tengeru ulikuwa mkubwa kuliko yote. Kondoa, ulio karibu zaidi na nchi ya Singida, ulikuwa na mamia tu ya watu.

Serikali ya Tanganyika ilikuwa na nafasi kwa sababu vita vilekwisha kuwaondoa watu wengine. Walowezi na wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamewekwa kizuizini, na Kidugala penyewe palikuwa kituo cha misheni ya Berlin. Hata Iramba, ambako hakuna Mpolandi aliyepelekwa, mabadiliko hayo yalisikika: wamisionari wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani, waliokuwa huko tangu miaka ya 1920, walijikuta wakibeba mzigo wa kuangalia vituo vya Wajerumani mbali kabisa na eneo lao. Kwa maneno mengine, vita vya Ulaya vilikuwa vinapanga upya nani akae wapi ndani ya Tanganyika, na hakuna aliyewauliza wenyeji.

Sura ya mji

Wakimbizi walifika kwa meli hadi bandari za pwani, kisha kwa reli hadi kaskazini. Waliikuta Tengeru imekwisha kujengwa kwa mikono ya Waafrika: safu za nyumba ndogo za msonge, kuta zake zimepakwa chokaa, mapaa yake ya nyasi na majani ya migomba. Kila nyumba ilikuwa na vitanda, vyandarua na samani chache za mbao. Maelezo ya waliofika wakiwa watoto yanafanana sana: hofu ya usiku wa kwanza, sauti za wanyama wasiojulikana, kisha asubuhi, mlima na kijani kilichopita yote waliyoyaona tangu waondoke kwao. Baada ya Siberia, chakula cha kutosha na jua vilitosha kuitwa pepo.

Ni vema kusimama kidogo kwenye nyumba hizo. Mjenzi wa Kimeru alijenga kwa ustadi wa kwake, kwa vifaa vya kwake, nyumba ya umbo alilolijua. Mwanamke wa Kipolandi aliyeingia humo alianza mara moja kuibadilisha: aliweka mapazia, akatundika picha ya Bikira Maria, akapanda maua mbele ya mlango na mboga nyuma. Njia kati ya nyumba zilinyooshwa. Baada ya muda mfupi mtaa wa msonge ulifanana, kwa mpangilio wake, na kijiji cha mashariki mwa Polandi. Huu ndio ushahidi wa kwanza wa tabia ya mji, na unasema mengi kuliko ripoti za makamanda: wakazi walijua kwamba hapa si pao, wakapafanya pawe kama pao.

Mji au kijiji cha kawaida cha Tanganyika ya kati hukua kwa namna nyingine. Katika eneo kama Ulemo, wilayani Iramba, makazi hutanguliwa na ukoo na shamba. Familia hujenga, huzaa, huita ndugu. Njia hukanyagwa kwa sababu watu wanaitumia. Gulio, shule na nyumba ya ibada huja baadaye, na mara nyingi hugombaniwa zikae upande gani. Tengeru ulianza kinyume cha hayo. Ulikuwa na hospitali kabla ya kuwa na mtoto aliyezaliwa humo, ulikuwa na shule kabla ya kuwa na shamba, na ukapata makaburi kabla ya kupata ukoo. Mpangilio huo wa kinyume ndio unaoutofautisha mji wa wakimbizi na miji mingine yote, na ndio unaofanya historia yake isomeke kwa miaka wakati ya Ulemo husomwa kwa vizazi.

Mji wa wanawake na watoto

Wanaume wenye umri wa kupigana walikuwa jeshini, wamekufa, au hawajulikani waliko. Waliobaki walikuwa wazee, wagonjwa, mapadre na walimu wachache. Hivyo Tengeru ulikuwa mji wa wanawake na watoto, na kazi zote zinazofanya mji uwe mji ziliangukia mikononi mwa wanawake. Walifundisha, waliuguza, walishona, walifuma, walioka mikate, walilea yatima wasio wao. Ngazi za juu za uongozi, hata hivyo, zilikuwa za wanaume: kamanda wa Kiingereza kwa upande wa serikali, na kwa upande wa Wapolandi wawakilishi wa serikali ya London na makasisi.

Shule ndiyo ilikuwa roho ya mji huo. Mbali na shule za msingi kulikuwa na sekondari ya masomo ya jumla, na mafunzo ya biashara, kilimo, ushonaji na muziki. Vitabu vilikuwa haba. Walimu waliandika masomo kwa kumbukumbu, na wanafunzi wakanakili. Skauti walikuwa na vikosi. Magazeti ya Kipolandi yaliyochapwa Nairobi yalipita mkono hadi mkono. Sikukuu za taifa na za kanisa zilifuatwa kwa ukamilifu, pamoja na mavazi ya asili yaliyoshonwa kwa vitambaa vilivyopatikana.

Ni rahisi kuusifu moyo huo, na wengi wameusifu. Lakini tafsiri inayofaa zaidi ni kwamba shule ya Tengeru haikuwaandaa watoto kwa ajili ya Tengeru. Iliwaandaa kwa ajili ya Polandi huru ambayo wazazi wao waliamini wangerudi kuikuta. Historia iliyofundishwa, jiografia iliyochorwa ubaoni, mito iliyokaririwa, vyote vilikuwa vya nchi iliyoko maelfu ya kilomita kaskazini. Mtoto angeweza kumaliza sekondari akitaja vijito vya Vistula bila kujua maji anayokunywa yanatoka kwenye chemchemi gani ya Meru. Hilo halikuwa kosa la walimu. Mji unaongoja hauna budi kufundisha kile unachokingojea.

Watoto, hata hivyo, hawangoji kama watu wazima. Walijifunza Kiswahili cha sokoni, walipanda miti, walikwenda Duluti, walibadilishana nguo na vitu kwa ndizi na matunda. Kwa hiyo ndani ya mji huo mmoja kulikuwa na miji miwili: wa wazazi, ulioishi katika kumbukumbu na tumaini, na wa watoto, ulioishi Tengeru yenyewe. Kumbukumbu zilizoandikwa baadaye karibu zote ni za hao wa pili, na ndiyo maana zimejaa mwanga kuliko barua na malalamiko ya wakati wenyewe.

Weupe bila mamlaka

Sensa ya 1931 ilihesabu katika Tanganyika Wazungu takribani 8,200. Kuingia kwa Wapolandi elfu kadhaa katika miezi michache kulikuwa karibu kuiongeza jamii hiyo maradufu. Uganda, Wapolandi waliwazidi Wazungu wengine wote. Jambo hili liliwatia wasiwasi watawala. Mfumo wa kikoloni ulisimama juu ya dhana kwamba Mzungu ni bwana, ana mali, ana elimu ya Kiingereza na hafanyi kazi ya mikono mbele ya Mwafrika. Mpolandi wa Tengeru alikuwa mweupe, lakini hakuwa na mali, hakujua Kiingereza, alivaa nguo za msaada, na alifua mwenyewe.

Suluhisho la serikali lilikuwa kuwatenga. Makazi yaliwekwa nje ya miji, na kutoka kwake kulidhibitiwa. Wakati huohuo serikali haikuwa tayari kuacha tofauti ya rangi ipotee ndani ya mji wenyewe. Kazi nzito, yaani ujenzi, kuni, maji na usafi wa vyoo, zilifanywa na vibarua wa Kiafrika. Mkimbizi asiye na senti alijikuta ana mtu wa kumtumikia, na kibarua wa Kimeru akajikuta anamtumikia mtu ambaye kwa hali zote isipokuwa rangi alikuwa maskini kuliko yeye mwenye kihamba na ng'ombe. Uhusiano wa kirafiki ulikuwapo, na biashara ndogondogo ilishamiri. Uhusiano wa karibu kati ya wanawake wa Kipolandi na wanaume wa Kiafrika, au hata uvumi wake tu, ulitazamwa na maofisa kama hatari kwa heshima ya utawala mzima.

Lingelbach ana haki anapowaona Wapolandi kama watu wa ukingoni. Inafaa kuongeza kwamba ukingo una pande mbili. Wapolandi walitengwa na walowezi, lakini pia walikingwa na rangi yao dhidi ya mambo yaliyowapata majirani zao. Walihesabiwa kuwa wenye haki ya kulishwa, kutibiwa na kusomeshwa hadi sekondari, katika mkoa ambao mtoto wa Kimeru aliyefika darasa la kumi alikuwa wa kutajwa kwa jina. Walipokea haki hizo bila kuziomba kwa misingi ya rangi. Wala hakuna ushahidi kwamba wengi walijiuliza. Watu waliotoka kwenye kifo cha jana hawana wasaa mkubwa wa kuchunguza mezani kwa nani pametolewa mkate wao, na mwanahistoria anapaswa kuliandika hilo bila kuwalaumu na bila kulifuta.

Kuvunjwa kwa mji

Februari 1945, huko Yalta, mataifa makubwa yalikubaliana kwamba mashariki ya Polandi ibaki mikononi mwa Umoja wa Kisovieti. Wakazi wengi wa Tengeru walitoka huko hasa. Mwezi Julai mwaka huohuo Uingereza na Marekani ziliacha kuitambua serikali ya uhamishoni ya London. Kwa hatua hizo mbili mji wa Tengeru ulipoteza nchi uliyoingojea na serikali iliyousemea. Vita vilikuwa vimekwisha. Kwa wakazi wake, kungoja kulikuwa kumepoteza kitu kinachongojewa.

Baadhi walirudi Polandi mpya ya kikomunisti. Walio wengi walikataa. Sheria ya Uingereza ya 1947 ya kuwapa makazi askari wa Kipolandi na jamaa zao iliwafungulia mlango wake na mama za wanajeshi. Wengine walichaguliwa kwenda Australia na Kanada kwa vigezo vya umri, afya na uwezo wa kufanya kazi. Tangu 1947 shughuli hizo zilisimamiwa na Shirika la Kimataifa la Wakimbizi, IRO. Wazee, wagonjwa na wajane wenye watoto wengi walibaki mwisho wa foleni, kama ilivyo kawaida ya foleni za namna hiyo. Kubaki Tanganyika nako kuliwezekana kwa wachache tu, wenye ajira au njia ya kujitegemea. Serikali haikutaka walowezi maskini.

Kisa cha yatima kinastahili nafasi ya pekee, kwa sababu ndani yake swali la mji ni wa nani liligeuka kuwa swali la mtoto ni wa nani. Mwaka 1949 zaidi ya yatima 120 wa Tengeru waliondolewa, wakiongozwa na padre Mfransisko Lucjan Królikowski, wakavushwa kwa meli hadi Italia, wakapitia Ujerumani, na Septemba mwaka huo wakashuka Halifax nchini Kanada, ambako askofu mkuu wa Montreal, Joseph Charbonneau, alikuwa amekubali kuwapokea. Serikali ya Warsaw ilidai kwamba watoto hao ni raia wake na kwamba wametekwa nyara. Ikapeleka lawama hadi Umoja wa Mataifa. IRO ilijibu kwamba watoto wengi walikuwa wakubwa wa kutosha kusema wenyewe wanakotaka kwenda.

Pande zote mbili zilizungumza kwa jina la watoto. Warsaw ilizungumza juu ya damu na taifa, Kanisa juu ya imani na uhuru, shirika juu ya maslahi ya mtoto. Hakuna upande uliotaja kwamba kwa wengi wa watoto hao Tengeru ndiyo ilikuwa nyumba pekee waliyoikumbuka vema: waliofika wakiwa na miaka mitano au sita walikuwa sasa na kumi na miwili au kumi na mitatu. Kwao kuondoka Meru kulikuwa uhamisho wa pili. Katika mjadala wa kimataifa Afrika ilihesabiwa kama chumba cha kungojea, na hakuna mtu anayefikiriwa kuwa amezaliwa au amekulia chumbani humo.

Mlima huohuo, ardhi nyingine

Mwaka 1952 makazi ya Tengeru yalifungwa. Ili tukio hilo lieleweke, hapana budi kutazama kinachotokea wakati huohuo kwenye upande mwingine wa mlima.

Tangu enzi ya Wajerumani, mashamba ya walowezi yalikuwa yamefunga miteremko ya chini ya Meru kama mkanda, yakiwatenganisha Wameru na Waarusha wa mlimani na malisho ya tambarare. Baada ya Vita vya Pili tume ya jaji Wilson, iliyotoa taarifa yake 1947, ilipendekeza mipaka inyooshwe ili kuwe na eneo la Wazungu lisilokatizwa. Kutekeleza hilo, Wameru wa Engare Nanyuki, kaskazini mashariki ya mlima, waliamriwa kuhamia Kingori. Walikataa. Kuanzia Novemba 1951 askari waliingia, wakachoma nyumba, wakabomoa, wakasomba mifugo. Takribani watu 3,000 walipoteza makao, na ardhi yao ikagawanywa kuwa mashamba 13 ya Wazungu.

Wameru walichanga fedha na kumtuma Kirilo Japhet kwenda New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Mwaka 1952 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na kesi hiyo ikaingia katika historia kama hatua muhimu ya siasa za uhuru wa Tanganyika. Miaka miwili baadaye TANU iliundwa.

Si kweli kwamba Wapolandi walichukua ardhi ya Engare Nanyuki, na itakuwa upotoshaji kudokeza hivyo. Walikuwa upande mwingine wa mlima, na wakati nyumba za Wameru zinachomwa wengi wao walikwisha kuondoka. Kinacholinganishwa ni mantiki ya utawala. Serikali hiyohiyo, katika wilaya hiyohiyo, ndani ya muongo mmoja, ilionyesha kwamba inaweza kuwajengea watu 5,000 wasio na kitu nyumba, shule na hospitali, na kwamba inaweza kuwaondoa watu 3,000 kwenye nyumba walizojijengea wenyewe. Katika mambo yote mawili ilichukulia kuwa yeye aliyeko juu ya ardhi hana neno la mwisho kuihusu. Mpolandi aliruhusiwa kukaa kwa kuwa angeondoka. Mmeru aliondolewa kwa kuwa angekaa. Ndiyo maana mji wa Tengeru haukuwahi kupewa hati, mipaka wala baraza la kuchaguliwa. Mji wenye hati ungekuwa na madai.

Ipo pia tofauti ya kumbukumbu. Mtu aliyefukuzwa kwao mashariki ya Polandi Februari 1940 na mtu aliyefukuzwa Engare Nanyuki Novemba 1951 wangeelewana kwa haraka sana. Walipewa muda mfupi, walibeba walichoweza, waliona moto au theluji nyuma yao. Lakini kumbukumbu za Wapolandi, zilizoandikwa London, Montreal au Melbourne, zinaukumbuka mlima zaidi ya watu wake. Waafrika hupita nyuma ya picha, wakiwa na majina ya kwanza tu au bila jina. Nayo maandishi ya kesi ya ardhi hayana sababu ya kuwataja Wapolandi. Kila upande umehifadhi huzuni yake peke yake.

Kilichobaki

Nyumba za msonge hazikukawia kuanguka; nyasi na majani ya migomba hayangoji kubomolewa. Eneo la mji lilihamia kwenye mafunzo ya kilimo na mifugo, na leo Tengeru ni mahali pa vyuo, ikiwa pamoja na Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, na pa gulio kubwa la Jumamosi ambalo wachuuzi hulifikia kutoka pande zote za Meru. Hakuna chochote katika gulio hilo kinachotokana na Wapolandi. Ni mji wa kawaida wa Tanzania uliokua kwa njia ya kawaida, yaani barabara, ndizi na watu wanaorithishana vibanda.

Huko Nyabyeya, karibu na Masindi nchini Uganda, wakimbizi waliacha kanisa la matofali ambalo bado linatumiwa na waumini wa makabila mbalimbali. Tengeru hawakuacha jengo la namna hiyo. Waliacha makaburi takriban 150, ndani ya uzio, katika eneo la chuo cha mifugo. Wamo Wakatoliki walio wengi, na pia Waorthodoksi na Wayahudi, jambo linaloonyesha kwamba mashariki ya Polandi yenye dini nyingi, ambayo vita viliiangamiza kwao, iliishi kidogo zaidi hapa chini ya Meru. Makaburi hayo yanatunzwa na wenyeji, na ujumbe kutoka Polandi hufika kuyazuru.

Tanzania huru ilipopokea wakimbizi wake yenyewe ilichagua njia tofauti, angalau kwa sehemu. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi ya kulima Katumba, Ulyankulu na Mishamo, katika misitu ya magharibi ambayo kwa upande wa Tabora inapakana na nchi ya Singida. Walizaa, walizikana, walirithishana mashamba, na mwaka 2014 takribani watu 162,000 wa makazi hayo, wengi wao wakiwa wamezaliwa humo, walikuwa wanapewa vyeti vya uraia. Hakuna aliyewapakia nyumba chokaa kabla hawajafika, na shule zao zilichelewa. Ulyankulu bado upo, una kata na madiwani, na mipaka yake hugombaniwa kama mipaka ya Ulemo.